Sare ya Mtaa wa Vigae

1

Nyanjige Lugodisha alishindwa mara saba kabla ya saa nne asubuhi, na mara zote saba alishindwa kwa njia ileile. Mfalme wake alikimbilia kona, akabanwa, akafa.

"Tena," alisema Mzee Lushinge kutoka kitandani.

"Mwalimu, nimechoka."

"Waliochoka wako Vigae, wanafunga mizigo. Panga kete."

Akapanga. Ubao wa mazoezi ulikaa kwenye stuli kati yao. Upande wa mashine kulikuwa na mfalme, ngome moja na askari wawili waliosimama upande wa kulia, wameachana kwa mstari mmoja mtupu. Upande wake kulikuwa na mfalme na ngome, basi. Asiyejua sataranji angesema mchezo umekwisha. Wengi walioijua walisema hivyo pia, wakanyanyuka vitini wakaenda kuwaambia majirani zao wafunge virago. Lakini hesabu ilishapigwa zamani sana: hali ile ni sare, ukiicheza bila kosa hata moja. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yanaua watu.

Maana watu wa mji wa Mkalamo hawakucheza sataranji kwa kujifurahisha. Baada ya Vita vya Visima hakuna aliyetaka tena kuhukumiwa na hakimu mwenye shemeji na njaa. Wakajenga mashine, wakaiita Msuluhishi. Maji yalipopungua na mtaa mmoja ukatakiwa kuondoka ndani ya kuta, Msuluhishi aliusoma ushahidi wote, kuanzia umri wa mtaa na kazi za watu wake hadi ndoo walizotumia, kisha akaugeuza kuwa kete ubaoni. Kila upande ulipewa ngome moja, na upande wenye hoja nzito uliongezewa askari. Mtaa ulileta mtetezi wake. Akitoa sare, watu walibaki miaka kumi. Akishindwa, lango la kusini lilifunguliwa kesho yake, na nje ya lango hilo joto la mchana lilifika nyuzi hamsini na nane, na kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa siku tisa.

Waliotunga sheria walichagua miisho ya ngome, mchezo ukiwa umebaki na kete chache tu, kwa makusudi. Ni michezo ambayo njia ya kujiokoa karibu kila mara ipo, na binadamu karibu kila mara haioni. Wakaita haki. Wenye ndimi kali walisema ni namna tu ya kuwafukuza watu na kuwafanya waamini wamejifukuza wenyewe.

Vigae walikuwa watu mia nne na kumi na wawili, mafundi wa udongo; mmoja wao alikuwa mama yake Nyanjige, na Nyanjige ndiye aliyekuwa mtetezi wao. Mchezo wao ulikuwa umefika hatua ya arobaini, ambapo sheria humpa mtetezi mapumziko ya siku mbili kwa sababu yeye huchoka na mashine haichoki. Siku ya pili ndiyo hii. Saa nane mchana ungeendelea.

"Hodi," alisema Mzee Lushinge, akiisogeza ngome ya mashine kwa kidole. Mkalamo wote walisema hivyo wakimtishia mfalme. "Nimepiga hodi. Mfalme wako anaenda wapi?"

Nyanjige aliangalia. Kulikuwa na nyumba mbili tu za kwenda. Moja ilikuwa pembeni, ina ukuta mgongoni. Nyingine ilikuwa wazi, mbele kabisa ya askari. Mkono wake ulikwenda pembeni wenyewe.

"Umekufa," alisema mzee. "Na huo ndio ugonjwa wenu nyinyi mliozaliwa ndani ya kuta. Mtu akiwatishia mnatafuta ukuta wa kuegemea. Kona ni ya ngome, siyo ya mfalme. Ngome iache kule mbali ikae kona, ipige kwa nyuma au kwa ubavuni. Mfalme atoke nje. Asimame uwanjani, mbele ya huyo askari, amwangalie usoni."

"Sawa. Nimetoka. Halafu?"

"Halafu..." Mzee aliinua mkono juu ya ubao. Ukabaki hewani. Akaukunja, akaurudisha kwenye shuka. "Halafu kuna hatua hamsini, na kila moja ina jibu moja. Mkono wangu ulijua, binti. Mdomo haujui."

Yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuushikilia mwisho huo mbele ya Msuluhishi. Ilikuwa miaka ishirini na sita nyuma, kwa ajili ya Mtaa wa Gereji, hatua tisini na tatu. Watu mia sita wa Gereji waliendelea kuwa hai, wengi wao bila kumkumbuka. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, na mwanafunzi wake alikuwa anashindwa kwa mara ya nane.

2

Kalunde, fundi wa kuchota kumbukumbu, alifika saa tano na mchoto wake ndani ya sanduku la bati. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kunawa mikono kabla ya kusalimia. Nyuma yake aliingia Bwana Gwimile, mwenyekiti wa Vigae, na shati lililolowa jasho. Hakuwa amealikwa.

Sheria ilikataza mtetezi kuingia ubaoni na chombo chochote kinachofikiri. Utetezi ulipaswa kutoka katika akili ya binadamu. Haikusema ni binadamu yupi. Kwenye tundu hilo ndipo mchoto ulipopita. Mchoto haufikiri na haunakili. Unachota kumbukumbu kichwani mwa mmoja na kuimimina kichwani mwa mwingine, na kilichochotwa hakibaki kule kilikotoka. Wangeweza labda kuunda mashine ya kunakili. Lakini mashine ya kunakili ingekuwa mashine, na mtetezi angefukuzwa ubaoni.

Mzee Lushinge alikwisha kuchotwa mara kumi na moja, kwa ajili ya watetezi kumi na mmoja. Aliyajua masharti kuliko fundi mwenyewe.

"Chota unachotaka," alimwambia Kalunde wakati akifungwa mkanda kichwani. "Miisho yote ya ngome, chukua. Ukichukua na jina langu, wataniita jingine. Lakini siku ya Gereji usiiguse."

Nyanjige akashtuka. "Mwalimu, si ndiyo siku uliyoucheza mwisho huu?"

"Niliucheza mazoezini mara mia kabla ya siku ile. Chota huko." Alifumba macho kidogo. "Sikiliza, binti, nikwambie mara moja halafu tusirudie. Sataranji nilijifundisha na mwanangu mapajani. Milembe. Alikuwa akinisogezea kete kabla hajajua kuhesabu. Kwa hiyo kila mwisho nilioutoa uliondoka na kipande chake. Sura yake ya utotoni sina. Sauti yake akicheka wamekwenda nayo watu wa Mtaa wa Reli. Picha ziliungua. Nimebaki na siku moja. Asubuhi ile nilimpitia hospitali, mapafu yake yamejaa vumbi, ana miaka kumi na tisa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, akanifunga vifungo vya shati yeye, amelala vilevile. Akaniambia, 'Baba, nenda ukawasumbue.' Hatua ya sitini na moja wakaniletea kikaratasi kwamba amefariki. Nikakisoma, nikakiweka mfukoni, nikacheza." Akafumbua macho. "Ni siku mbaya kuliko zote, lakini ndiyo niliyo nayo. Msiiguse."

"Hatutaigusa, Mwalimu," alisema Nyanjige, na wakati huo alikuwa anasema kweli.

Kalunde alimlaza. Pumzi za mzee zilitulia, na kwenye kioo cha mchoto nyuzi za kumbukumbu zikaanza kujitokeza moja moja. Fundi alizipekua kwa muda mrefu. Bwana Gwimile alisimama dirishani akigeuzageuza kofia yake. Nusu saa ikapita.

"Tatizo," alisema Kalunde.

"Sema."

"Hayo mazoezi mara mia ninayaona. Yote anashindwa. Anakimbilia kona kama wewe." Alinyoosha kidole kwenye uzi mmoja mnene uliokuwa unapigapiga taratibu. "Hakuijua njia kabla. Aliijua palepale ubaoni, siku ileile, na baada ya hapo hakuucheza tena mwisho huu. Njia nzima iko hapa, na binti yuko hapa pia. Haviachani."

"Huwezi kuvichambua?"

"Kichwa cha mtu siyo kabati, dada yangu. Nikivuta uzi, vinavyoning'inia vinakuja nao."

Kalunde aliendelea kwa sauti ndogo, kana kwamba mzee angemsikia. "Na hatajua. Atasahau mpaka kwamba alikataa, maana kukataa kwake kunaning'inia hapohapo. Nakwambia ili ujue, siyo nakushawishi. Mimi ni fundi tu. Anayeweka kidole cha idhini ni mpokeaji."

Bwana Gwimile aligeuka. "Si unachota? Unangoja nini?"

"Mwenyekiti, nimemwahidi."

"Mimi nimewaahidi watu mia nne." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Tuna watoto sitini na tatu chini ya miaka mitano. Jana usiku kina mama walikuwa wanabishana kama mtoto mchanga abebwe mbele au mgongoni, upande upi unachelewa kuungua. Mama yako alikuwepo. Alisema mgongoni. Mzee wa watu anapoteza siku moja, Nyanjige. Siku mbaya tena, kasema mwenyewe."

Nyanjige alimwangalia mwalimu wake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na meno mawili ya chini yalionekana. Alijaribu kumfikiria mama yake kwenye lango la kusini, akaweza mara moja. Alijaribu kumfikiria Milembe, akashindwa, kwa sababu hakuwahi kumwona. Hilo lilimwonea Milembe na Nyanjige alilijua. Mtu asiye na sura hana mtetezi. Kama angeamshwa mzee na kuulizwa upya, je, angekubali? Labda angekubali. Alikwisha kuwapa watu wa mitaa kumi na mmoja. Lakini labda angekataa, na jibu hilo lingefunga mlango, na Nyanjige aligundua kwa aibu kwamba ndiyo sababu hakutaka aamshwe.

"Muamshe tumuulize," alisema Kalunde, kana kwamba amemsoma. "Itachukua saa moja kumlaza tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro. Kulikuwa na muda wa kutosha kumuuliza, na muda wa kutosha kumlaza tena kama angekubali. Wote watatu waliiangalia ile saa.

"Asiamshwe," alisema Nyanjige, na akaweka kidole.

3

Ukumbi wa Msuluhishi haukuwa na mashine ya kuonekana, ila meza, ubao, saa na kiti kimoja. Kete za upande wa pili zilijisogeza zenyewe. Juu ya roshani watu wa Vigae walikuwa wamebanana, mama yake Nyanjige mstari wa mbele.

Hatua ya arobaini na moja, ngome ya mashine ilishuka. Hodi.

Mfalme wa Nyanjige alitoka uwanjani, akasimama mbele ya askari.

Hakufikiri. Mkono wake ulikwenda kule kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya nyumba uliyokulia. Na mkono ulikuwa mzito kidogo, na kwenye kifundo chake alihisi vidole vyembamba, vyenye homa, vikimfunga kifungo cha shati asilokuwa amevaa. Baba, nenda ukawasumbue. Aliijua sauti hiyo. Aliijua kuliko ya mama yake.

Hatua ya arobaini na tano. Ya hamsini. Askari mmoja alisogea, akatishia, Nyanjige akapiga hodi kwa nyuma kutoka ile kona ya mbali. Mfalme wa mashine akakwepa. Akapiga kwa ubavuni. Mashine iliweka mitego ambayo jana asingeiona hata angeonyeshwa, na leo aliiona kwa huzuni, kama mtu anayepita mtaa aliowahi kuishi. Kila jibu lilikuwa pale. Hakuna aliyemwambia kwamba kujua kunaweza kuuma namna hii.

Alikuwa anajua pia kinachokuja. Hatua ya hamsini na nane alianza kutamani mchezo uishe kwa njia yoyote. Hatua ya sitini alisikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, na hakukuwa na mlango uliofunguliwa. Hatua ya sitini na moja akapokea kikaratasi. Hakikuwepo, lakini alikisoma neno kwa neno, mwandiko wa muuguzi umelala upande wa kushoto, na mwanawe akafa palepale mbele ya macho ya watu mia nne waliokuwa wakishangilia kimoyomoyo.

Akainama. Saa ilikuwa inakimbia upande wake. Dakika nne. Sita. Juu kule Bwana Gwimile alisimama.

Hakuna kitu alichokitaka wakati huo zaidi ya kukiacha kiti na kukimbilia hospitali, kwenye wodi iliyobomolewa miaka ishirini iliyopita, kwa binti aliyeozea ardhini. Ndipo alipoelewa mzee alifanya nini siku ile. Alikuwa ameishi akidhani mwalimu wake ni mtu mgumu. Hakuwa mgumu. Alikaa tu, kwa sababu kunyanyuka kungewaua wengine, na hakuwahi kujisamehe kwa kukaa, na hiyo ndiyo siku aliyoilinda kwa wivu wote huo. Nyanjige alilia bila kujificha, machozi yakidondokea kwenye nyumba nyeusi na nyeupe, na akaisogeza ngome yake mahali pekee ilipofaa kwenda.

Hatua ya mia na nne mashine ilimtoa sadaka askari wake mmoja, ikabaki na yule wa pembeni, na mfalme wa Nyanjige amesimama mbele yake asitoke. Sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ilijaza ukumbi.

"Sare. Mtaa wa Vigae unabaki."

Roshani ilipasuka kwa vigelegele. Walishuka, wakambeba, mama yake alimshika uso kwa mikono miwili akawa anaita jina lake. Nyanjige alimwangalia mwanamke huyo anayemfurahia hivyo, na kwa pumzi mbili nzima hakukumbuka ni nani yake.

4

Kesho yake asubuhi alikwenda kuungama. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, mafupi, bila kujitetea: niliahidi, nikavunja, ulikuwa umelala, kulikuwa na muda wa kukuuliza na sikukuuliza. Angemrudishia kama ingewezekana. Alikwisha kumuuliza Kalunde, na Kalunde alinawa mikono yake akasema kichwa cha umri ule hakipokei, kinatoa tu.

Mzee Lushinge alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, anakunywa uji. Ubao wa mazoezi ulikuwa bado kwenye stuli na hakuwa ameuangalia.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, mwanangu. Pita, kaa. Nimesikia mmepata sare. Gwimile alipita hapa anacheka peke yake." Alimwelekezea kijiko. "Na mimi leo ni mzima. Unajua nimelala usiku kucha? Sikushtuka hata mara moja. Kifua chepesi. Sijui nilikuwa nimebeba nini humu."

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na machozi yakaanza tena, yaleyale ya jana, ambayo hayakuwa yake na hakuwa na mwingine wa kumpa.

"Una nini?" Mzee aliweka bakuli chini. "Nyanjige. Kuna nini?"

"Nimefiwa," alisema. Hakuwa amekusudia kusema hivyo. Lilikuwa tu ndilo neno la kweli lililokuwa karibu.

Mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini, kama watu wa kwao wafanyavyo. "Pole. Pole sana. Na nani?"

"Binti."

"Sikujua kama una mtoto." Alimsogelea, akamshika mikono yote miwili. "Mkubwa?"

"Miaka kumi na tisa."

Nyanjige mwenyewe alikuwa na miaka thelathini. Mzee hakupiga hesabu; msibani hakuna anayepiga hesabu.

"Aliitwa nani?"

Alifuta uso kwa kiganja kwanza. "Milembe."

"Milembe," alirudia Mzee Lushinge, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayelisikia jina kwa mara ya kwanza na hataki kulikosea. "Jina zuri. Jina la amani. Ulikuwepo alipofariki?"

"Sikuwepo. Nilikuwa ubaoni."

"Ah." Vidole vyake vilikaza. "Usijilaumu. Mtoto anajua mzazi wake yuko wapi na anafanya nini. Alijua. Nakwambia alijua."

Alimwachia alie. Alikuwa anajua kukaa na mfiwa. Hilo halikuwa limechotwa. Nje wafanyakazi wa Vigae walikuwa wanapita na mikokoteni ya udongo, wanataniana, mmoja anaimba vibaya na wenzake wanamzomea. Ilipita robo saa.

"Na baba yake?" aliuliza mzee mwishowe. "Anaendeleaje?"

Nyanjige aliinua uso akamtazama, shati lake safi, macho yake yaliyopumzika, kofia gotini.

"Anaendelea vizuri," alisema. "Amelala usiku kucha."

"Hiyo ni nafuu." Mzee Lushinge alitikisa kichwa kwa huruma. "Ukimwona, umfikishie pole zangu."